Mwanga, Damu na Mtungi wa Maji

Kabla ya yote nakuomba uingie jikoni. Chukua yai moja la kuku, kama mama hatakugombeza, ulivunje ndani ya bilauri. Weka kidole nyuma ya ule ute. Unakiona? Sasa mimina yai kwenye sufuria ulichemshe. Ute umegeuka mweupe pe, na hata ukiweka mkono mzima nyuma yake huoni kitu. Hakuna aliyetia chokaa. Ute wa yai ni maji na protini, na mwanzo protini hizo zilikuwa zikielea kila moja kivyake, ndogo mno kuweza kuuzuia mwanga. Moto ulipozikunjua zikashikana, zikawa mafungu, na mafungu makubwa huutawanya mwanga huku na huku badala ya kuuacha upite moja kwa moja. Hata wingu ni jeupe kwa sababu hiyo hiyo ya kutawanya mwanga, ilhali ni matone ya maji yale yale tunayoyaona wazi ndani ya kikombe.

Kwa hivyo mtu akitaka kujua kama protini zimeshikana, si lazima azione zenyewe. Apitishe mwanga, halafu atazame umefika kiasi gani upande wa pili.

Mimi sikuyajua haya kwa kupenda Kemia. Mwalimu wangu ni shahidi. Niliyajua kwa sababu ya mdogo wangu.

Sisi twakaa Manda, kule Maweni, mahali panapokatwa mawe ya kujengea. Wengi wanaofanya kazi hiyo walitoka mbali, na babangu ni mmoja wao: alitoka kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Nyanza, akaja kukata mawe, akaoa, akatulia. Mamangu ni mtu wa Pate. Mdogo wangu alipokuwa hajatimiza mwaka mmoja vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba vyote mara moja, akawa analia ukimgusa. Jirani mmoja alisema ni jicho la watu. Mwingine akasema ni baridi ya mifupa. Kituo kimoja cha matibabu, ambacho sitakitaja, kilitupa dawa ya maumivu mara tatu na kuturudisha nyumbani. Miaka ikapita hivyo, leo mzima, kesho amelala anashika mapaja akiuma meno. Alipokuwa na umri wa miaka saba ndipo daktari mmoja alipomtazama macho yalivyokuwa ya manjano, akasema, "Huyu apimwe selimundu."

Neno lenyewe ni seli na mundu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo kama chapati iliyobonyea katikati, kwa mgonjwa huyu hupinda zikafanana na mundu wa kukatia nyasi. Zikipinda huwa ngumu, hukwama kwenye mishipa midogo, na nyama iliyo mbele ya hapo hukosa hewa. Hayo ndiyo maumivu.

Kipimo chenyewe kilinishangaza kwa udogo wake. Mtaalamu wa maabara alitia tone la damu ndani ya neli ya kioo yenye maji maalumu. Maji hayo yana kitu cha kupasua chembe ili protini zake zitoke, kitu cha kuondoa oksijeni, na chumvi nyingi. Akangoja dakika chache. Kisha akaisimamisha neli mbele ya kadi nyeupe yenye mistari myeusi, kama daftari. "Unaiona mistari?" akaniuliza. Kwanza alinionyesha neli ya damu ya mtu asiye na tatizo: ilikuwa nyekundu lakini angavu, na mistari nikaihesabu. Akanionyesha ya mdogo wangu. Lo! Ilikuwa imeingia ukungu. Mistari haikuonekana hata mmoja. Ni yai lile lile, msomaji, ila safari hii halikuchemshwa.

Basi akasema afadhali nyumba nzima tupimwe. Akapima ya baba: ukungu. Ya mama: ukungu. Yangu mimi: ukungu vilevile. Mama alikaa kwenye benchi akafunika uso kwa leso. Mimi nilijishika magoti kuona kama yanauma. Kweli nakuambia, yalianza kuuma papo hapo.

Yule mtaalamu akatuambia tusikate roho. Mwanga ule, alisema, unajua kujibu swali moja tu: protini inayoshikana imo au haimo. Haujui kusema ni nusu ya damu au ni damu yote. Ili kujua hilo lazima kipimo kingine, cha kuzipitisha protini kwenye umeme ili zile zenye chaji tofauti zitengane, na hicho kingefanywa kwenye maabara kubwa. Tungoje. Tulingoja wiki tatu. Nilipokuwa nangoja ndipo nilipoanza kumsumbua mwalimu wa Bayolojia kila saa nne wakati wa mapumziko, naye akawa ananitolea karatasi kutoka kwenye intaneti, nyingine ngumu kama mawe ya baba. Yafuatayo ndiyo niliyoyaelewa.

Protini yenyewe inaitwa hemoglobini. Ndiyo inayoipa damu wekundu wake, na kazi yake ni kupakia oksijeni kwenye mapafu na kuishusha mwilini. Mwaka 1910 daktari mmoja wa Chicago, James Herrick, alichapisha habari za mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada ambaye chembe zake za damu zilipinda. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake kule California walionyesha, kwa ule ule mtindo wa kupitisha umeme, kwamba kosa limo ndani ya hemoglobini yenyewe. Miaka saba baadaye, 1956, Vernon Ingram wa Cambridge alianza kuonyesha kosa lenyewe liko wapi, na lo, ni dogo la kuchekesha. Hemoglobini ina minyororo minne, na miwili kati ya hiyo ina shanga 146 za asidi amino kila mmoja. Shanga ya 6 ndiyo iliyobadilishwa. Mahali pa asidi glutamiki, inayopenda maji, pamekaa valini, isiyopenda maji, kama tone la mafuta.

Hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni, tone hilo la mafuta halileti neno. Ikishusha mzigo, umbo lake hubadilika kidogo na kijishimo hufunguka ubavuni, na lile tone la mafuta la jirani huingia humo kujificha maji. Jirani huyo naye ana jirani. Hushikana hivyo hadi zikawa uzi, na uzi mmoja ni kamba ya nyuzinyuzi 14 zilizosokotwa pamoja. Kamba hizo ndizo zinazoisukuma chembe kutoka ndani hadi ikapinda.

Hapa naomba nipite njia ya kando, maana swali hili lilinikera: vipi baba wa Nyanza na mama wa Pate, watu waliotoka pande mbili za nchi ambazo hazikutani, wawe na kosa moja katika damu? Jibu lake lilipatikana hapa hapa Kenya. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alizunguka nchi hii mwaka 1949 akipima damu za watu. Aliona kwamba wenye jeni hii ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache mno nyanda za juu zenye baridi. Pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakipo? Mbu! Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake kwamba mtu aliyepokea jeni hii kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Watafiti wa Kilifi nao baadaye waliona kwamba kinga hiyo dhidi ya malaria kali inafika karibu asilimia 90. Jeni moja ni ngao. Jeni mbili, moja ya baba na moja ya mama, ndio ugonjwa. Baba na mama walikutana Manda kwa sababu ya mawe, lakini mbu walikuwa wamewaandaa tangu zama za mababu.

Turudi kwenye mwanga.

Neli yenye ukungu yatuambia protini zimeshikana, lakini haituambii zimeshikana ovyo kama yai au zimejipanga. Mwaka 1940 Irving Sherman, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Baltimore, alizitazama chembe hizi kwa hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga. Kichujio cha kwanza huuacha upite mwanga unaotikisika upande mmoja tu, tuseme juu na chini. Cha pili kimegeuzwa ubavu, kinataka kushoto na kulia. Kwa hivyo hakuna mwanga unaopita, na giza huwa tupu. Ila ukiweka katikati kitu ambacho ndani yake kimejipanga mistari mistari, mwanga hugeuzwa kidogo njiani na kile kitu hung'aa gizani. Chembe zilizonyimwa oksijeni ziling'aa. Zilipopewa oksijeni zikazimika. Maana yake ndani yake mlikuwa na kitu kilichopangika, miaka tisa kabla ya Pauling.

Jambo hili waweza kulifanya mwenyewe. Watalii huvunja miwani ya jua na kuitupa, na mingine vioo vyake ni vichujio vya namna hiyo. Nilipata miwili. Nilivipandanisha vioo na kukizungusha kimoja mpaka nikapata giza, halafu nikapenyeza rula yangu ya plastiki katikati. Rula iliwaka rangi za upinde wa mvua. Darasa zima walitaka kuona, mpaka kengele ikalia tusiisikie.

Sasa tumefika mahali ambapo kwangu mimi ndipo penye utamu. Mpaka hapa tumeuliza kama protini zinashikana. Kuna wanasayansi waliouliza zinashikana lini. Hawa ni William Eaton, James Hofrichter na wenzao, katika taasisi za taifa za afya za Marekani, zilizoko Bethesda. Mwaka 1974 walichukua hemoglobini ya selimundu isiyo na oksijeni, wakaiweka kwenye baridi kali ambapo haishikani, kisha wakaipandisha joto ghafla na kuutazama mwanga kupitia vile vichujio viwili. Nilidhani ukungu ungeanza kidogo kidogo tangu mwanzo, kama maziwa yanavyoganda. Wapi! Kwanza hapakuwa na kitu. Mwanga ulitulia tu, kana kwamba hakuna jambo. Halafu ghafla, puu, zikashikana zote.

Ule muda wa kimya, mimi nauita muda wa utulivu. Kwa nini upo? Kwa sababu uzi hauwezi kuanza mpaka hemoglobini chache zikutane kwa bahati, zishikane, na zisiachane kabla nyingine hazijafika. Kikundi hicho cha kwanza ni kama mbegu, na mbegu ni ngumu kupatikana. Ila ikishapatikana mambo hayangoji tena. Baadaye, wakiwa pamoja na Frank Ferrone, waligundua kwamba uzi ukishakuwepo nyuzi nyingine huota ubavuni mwake. Mtu wa Manda hahitaji kuelezwa sana. Tazama chaza kwenye mikoko. Mzizi ulio safi hukaa muda mrefu bila chaza. Anashika mmoja, kesho wengine wanamshika yeye mgongoni, na baada ya muda huoni mzizi.

Kupandisha joto kulikuwa na kasoro: kupasha kitu joto huchukua muda, na kama protini zashikana upesi utakuta zimekwisha kushikana kabla hujawa tayari kutazama. Hapo ndipo walipoingiza leza, na hila yao nimeipenda mno. Unaijua ile hewa inayoua watu wanaolala na jiko la makaa chumbani milango imefungwa? Kaboni monoksaidi. Inaua kwa sababu hemoglobini huipenda zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikishaingia haitoki. Lakini ina udhaifu mmoja: mwanga mkali huing'oa. Basi wakaijaza hemoglobini ya selimundu kwa hewa hiyo. Ikiwa imejaa haishikani, ni kama iliyobeba oksijeni. Wakaimulika leza. Kufumba na kufumbua hewa ikang'oka, na hemoglobini ikabaki tupu kama ifanyavyo ndani ya misuli yetu. Tangu sekunde ile saa inahesabu. Kifaa kingine kinatazama mwanga unaotawanyika, na ukipanda tu wanajua nyuzi zimezaliwa. Wakiizima leza, kaboni monoksaidi inarudi mahali pake, nyuzi zinayeyuka, na wanaanza upya kwa tone lile lile.

Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1980. Mwaka 1982 waliifanya ndani ya chembe moja moja ya damu, wakaona kila chembe ina muda wake wa utulivu. Nyingine hungoja sehemu ndogo ya sekunde, nyingine hungoja sekunde nyingi. Mbona zitofautiane hali zatoka kwa mtu mmoja? Kwa sababu ukolevu haulingani. Chembe yenye maji mengi ina hemoglobini nyepesi, iliyopungukiwa na maji ina hemoglobini nzito iliyosongamana.

Mwaka 1987 Mozzarelli, Hofrichter na Eaton walichapisha jambo ambalo nililisoma mara nne. Walihesabu kwamba kama chembe za mgonjwa zingepewa nafasi ya kutosha mahali pasipo na oksijeni, nyingi zingepinda. Lakini hazipindi, kwa sababu hazikai. Damu haikawii kwenye mishipa midogo, chembe hupita humo kwa kama sekunde moja hivi, ikaanza safari ya kurudi mapafuni. Nyingi hufika na kupakia oksijeni upya kabla muda wa utulivu haujaisha. Ile hatari imo ndani yao, lakini haijapata wakati.

Nilipomweleza baba alikaa kimya, kisha akasema, "Ni kama Mkanda." Naye alisema kweli. Mkanda ni ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara. Zamani, maji yakijaa mashua zilipita. Yakitoka, chini ilikuwa tope na mchanga, na nahodha aliyechelewa alikwama hapo mpaka maji yajae tena. Bahari haikuacha kutoka hata siku moja. Mashua iliokoka kwa sababu iliwahi. Basi chembe ya damu ya mdogo wangu ni mashua, nayo kila safari ina Mkanda wake. Maumivu yanaanza pale nyingi zinapokawia, au pale maji yanapotoka mapema.

Mtu makini atauliza: kama kwenye maabara baridi huzuia nyuzi, mbona madaktari huwakataza wagonjwa wa selimundu kuoga maji ya baridi? Mdogo wangu aliuliza hivyo hivyo, kwa kuwa alitaka ruhusa ya kupiga mbizi gatini na wenzake. Ni kwamba mtu akipigwa na baridi mishipa ya ngozini hujibana, damu ikaenda polepole. Mashua inakawia Mkanda. Ruhusa hakupewa.

Sasa je, ni kitu gani kinachofanya maji yatoke mapema? Hapa ndipo penye ile hesabu iliyonifanya niandike makala haya. Katika ile kazi ya 1974 walipima muda wa utulivu kwa hemoglobini zenye ukolevu mbalimbali, wakaona kwamba ukolevu ukiongezeka kidogo muda hupungua kwa kipeo cha 30 hivi. Kipeo cha 30, msomaji! Sisi Kidato cha Tatu tukiona kipeo cha 3 tunaguna. Nilichukua kitabu cha majedwali nikatafuta logi ya 1.1, yaani ukolevu ulioongezeka kwa asilimia 10. Ni 0.0414. Zidisha kwa 30 upate 1.242. Rudisha kuwa namba ya kawaida, upate 17 na kitu. Kwa maneno mengine, hemoglobini iliyokuwa ingoje sekunde 17 itangoja sekunde moja. Nikafanya upande wa pili: ukolevu ukishuka kwa asilimia 5 tu, muda unarefuka zaidi ya mara nne.

Nisieleweke vibaya. Hiyo ni hesabu ya hemoglobini ndani ya kioo. Mwilini kuna mambo mengi mengine, kama vile kuta za mishipa, chembe nyeupe zinazonata, homa, na aina ya hemoglobini ya utotoni ambayo wengine huendelea kuwa nayo nyingi na wengine hawana. Hiyo ya utotoni haiingii kwenye uzi, kwa hivyo huurefusha muda wa utulivu, na dawa iitwayo haidroksiyurea kazi yake kubwa ni kuiongeza. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, wa Mbale kule Uganda, wa Kinshasa na wa Luanda, na matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, malaria imepungua na vifo vimepungua. Mdogo wangu sasa anaimeza, na hupimwa damu mara kwa mara kwa sababu si dawa ya kujinunulia dukani. Lakini hata mwenye dawa anaambiwa na daktari kila mara: kunywa maji.

Kunywa maji! Mwambie hivyo mtu wa Manda. Visima vyetu vingi ni chumvi. Tunategemea jabia la mvua, na likikauka maji huja kwa mashua kutoka ng'ambo, kwa mitungi, kwa pesa. Wanaojua historia wanasema ule mji wa Takwa, ambao magofu yake wageni huja kuyatazama, ulihamwa katika karne ya 17, na sababu mojawapo inayotajwa ni visima kuingia chumvi. Kwa hivyo kwetu nyumbani kila kikombe kilikuwa na hesabu yake hata kabla ya selimundu.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukulijua. Mdogo wangu alikuwa hanywi hata yale yaliyokuwepo. Mama akimwekea chupa ya kwenda nayo shuleni, inarudi imejaa. Tulimgombeza sana, mimi nikiwa wa kwanza, kwamba maji yanunuliwa na yeye anayachezea. Siku moja nikiwa natafuta shati nikakuta amekunja shuka lililolowa akalificha nyuma ya kasha. Ana miaka tisa. Alikuwa akikojoa kitandani, na darasani akiomba ruhusa ya kwenda msalani mara nyingi mpaka wenzake wakampa jina ambalo sitaliandika hapa. Basi akajifanyia hesabu yake: nisiponywa, sitakojoa.

Nilimuuliza mwalimu wa Bayolojia, naye akanieleza kwamba ndani ya figo kuna sehemu yenye chumvi nyingi na oksijeni haba, ambamo chembe hupinda kwa urahisi kuliko mahali pengine. Sehemu hiyo ndiyo yenye kazi ya kuyarudisha maji mwilini kutoka kwenye mkojo. Kwa watoto wa selimundu huharibika mapema. Kwa hivyo mkojo wao ni mwingi na mwepesi hata wasipokunywa. Figo haina namna ya kuweka akiba. Akiacha kunywa, kitandani atakojoa vilevile, na maji yanayopungua ni yale ya kwenye chembe.

Majibu ya kipimo cha umeme yalikuja siku ya Alhamisi. Baba, mama na mimi: jeni moja. Mdogo wangu: jeni mbili. Magoti yangu yaliacha kuuma siku hiyo hiyo. Sikulisema hilo mbele ya mtu, na mpaka leo naona haya kuliandika.

Jioni nilimkalisha mdogo wangu barazani na kitabu cha majedwali. Logi hazijui, lakini kuzidisha anajua, hivyo nilimfanya azidishe 1.1 kwa 1.1, halafu tena kwa 1.1, mara thelathini, kwa kikokotoo cha simu ya baba. Alikuwa akisoma namba kwa sauti. Ilipopita 10 akanitazama. Ilipofika 17 akauliza, "Na mimi nipo wapi hapo?" Nikamwambia mwanga wa leza haujapimwa kwenye damu yake, kwa hivyo sijui, lakini kila kikombe kinamrudisha nyuma kwenye orodha ile. Kisha tukazungumza habari ya shuka. Hakulia. Aliuliza tu kama wale watoto wa Kilifi nao wanakojoa.

Mama amekwenda kuzungumza na mwalimu wa darasa lake, na sasa hukaa karibu na mlango, hutoka bila kuomba ruhusa. Mtungi mmoja wa njano umeandikwa jina lake kwa makaa, wala hakuna anayeruhusiwa kuuoshea vyombo. Usiku saa nane mimi humwamsha, tukatoka nje pamoja na tochi, maana peke yake anaogopa. Tukirudi hunywa nusu kikombe, na kabla ya kulala huniuliza imebaki ngapi ndani ya mtungi.